Mikono Iliyorudi Safi

Ijumaa, 31 Agosti 1888

Mvua tangu alfajiri. Darasa langu limeanza kupungua. Wasichana wanaondoka na mama zao kwenda mashamba ya Kenti kuchuma hopsi, yale maua yanayoitia bia uchungu, na mimi kama kila mwaka naandika "Kenti" mbele ya jina na kuendelea na somo la kugawanya. Baridi imechelewesha mavuno, kwa hiyo hawatarudi kabla ya Oktoba. Watarudi wamenenepa kidogo, na mikono myeusi kama ya wapakia makaa. Utomvu wa hopsi hautoki kwa sabuni. Nimekagua mikono ya wasichana wa mtaa huu wa Whitechapel kila asubuhi kwa miaka tisa na ninajua ninachosema.

Mwanamke ameuawa kwa kisu usiku wa kuamkia leo, si mbali na hapa. Bwana Sprackling, mwoka mikate aliye chini yetu, ambaye pia ndiye mwenye nyumba, alinieleza yote nilipopita dukani kwake, na mengine ambayo hakuna aliyemwuliza.

Shemeji yangu Enoch alirudi asubuhi, viatu vimelowa. Hutembea usiku. Anasema hawezi kulala katika chumba alimofia mke wake. Nilipompa habari za yule mwanamke aliitazama chai yake, akasema, "Amepumzika."

Naliandika neno hilo nisije nikalikumbuka vibaya.

Jumapili, 2 Septemba

Niyaweke wazi mambo ya nyumba hii, maana nikizisoma kurasa hizi uzeeni huenda nitakuwa nimesahau chanzo cha hasira.

Enoch Pargeter alimwoa mdogo wangu Susannah. Susannah alifariki Machi kwa kifua, katika chumba cha nyuma, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kola ya shati la mteja. Alishona mpaka siku ile. Mume siku nyingine ana kazi, siku nyingine hana, na mke akashona. Tangu hapo mimi na Enoch tunakaa chini ya paa moja kwa sababu hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia mwenzake aondoke.

Ni mkata ngozi za viatu. Rangi ya ngozi imemwingia katika mikunjo ya vidole na chini ya kucha. Kitambaa chetu cha meza ni cha marehemu mama, kwa hiyo upande wa Enoch hutandikwa gazeti. Nilianza kufanya hivyo siku ya kwanza Susannah alipomleta kula kwetu. Susannah alicheka. Enoch naye alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 3 Septemba

Enoch ametangaza kwamba anakwenda Kenti. Karakana yao haina kazi mpaka Oktoba.

"Hopsi ni kazi ya wanawake na watoto," nilimwambia.

"Basi nitakuwa mtoto, shemeji. Kifua kinataka hewa. Na humu ndani kila ngazi ikilia nasikia hatua za mtu."

"Utarudi na mikono mibaya kuliko hiyo."

Aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule. "Najua," akasema. "Gazeti lako litapata kazi."

Ameondoka na kundi la Mama Quill, yule mwuza samaki mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye binti yake Tibby yuko darasani kwangu siku anazokumbuka kuja. Nilimsikia mama huyo mpaka konani: "Twende, mjane! Tutakufundisha kuchuma, mradi usituimbie!"

Nyumba imekuwa kimya. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 8 Septemba

Mwingine. Uani, nyuma ya nyumba iliyojaa watu waliolala. Siandiki alivyofanywa.

Jumatatu, 10 Septemba

Mtaani wanamtafuta mtu mwenye aproni ya ngozi. Wasichana wamemtungia wimbo wa kurukia kamba. Nimeipiga marufuku kamba.

Sprackling akinifungia mkate: "Mwalimu, yule shemeji yako yuko wapi siku hizi?"

"Kenti."

"Ah. Kenti." Alilitamka kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini.

Jumatano, 12 Septemba

Mvua. Darasa nusu tupu.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimefagia chumba cha nyuma. Aproni yake ya ngozi imetundikwa nyuma ya mlango, ngumu kama mbao. Hilo si neno. Nusu ya wanaume wa mtaa huu wana aproni za ngozi, na wiki hii wote wamezificha.

Lakini visu vyake havipo. Huvifunga katika kipande cha turubai na kuviweka kwenye droo chini ya dirisha. Vimenolewa hadi unaweza kujinyolea. Droo ni tupu. Nimeifunga, nikaifungua tena, kama kwamba vingerudi.

Hopsi huchumwa kwa vidole. Anayekwenda kuchuma maua, visu vya ngozi ni vya nini?

Jumapili, 16 Septemba

Kanisani. Sikuyasikia mahubiri.

Alhamisi, 20 Septemba

Sprackling amejiunga na ulinzi wa mtaa. Amepewa filimbi na rungu, naye hutembea nazo hata anapouza maandazi. Leo alinizuia mlangoni.

"Mwalimu, wewe ni mtu uliyesoma. Niambie. Kutoka Kenti kuja hapa ni mwendo gani?"

"Wa asubuhi moja, kwa treni."

"Na kurudi?"

"Ni huohuo, Bwana Sprackling. Njia hairefuki."

"Basi mtu anaweza kuwa Kenti na asiwe Kenti." Akanisogelea, ndevu zina unga. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilimwambia mkate wake wa jana ulikuwa mbichi katikati. Ulikuwa mbichi kweli. Lakini sikuweza kula wa leo.

Jumapili, 30 Septemba

Wawili. Usiku mmoja, wanawake wawili.

Mtaa mzima uko nje kwenye mvua, watu wamesimama tu, kama wanaosubiri jeneza ambalo hakuna ajuaye litatokea upande gani.

Jumatatu, 1 Oktoba

Enoch amerudi.

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio wake. Nilipotoka shule nilimkuta jikoni, birika liko motoni. Amenenepa kidogo usoni. Jua limemchoma shingoni. Alisimama nilipoingia, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Habari za hapa, shemeji?"

"Umezisikia bila shaka."

"Nimezisikia kituoni. Wawili, masikini."

Niliandaa chakula. Mkono wangu, kwa mazoea, ulitandika gazeti upande wake. Lilikuwa la leo, na mauaji yamejaa ukurasa mzima. Enoch alikaa. Hakusoma. Alilikunja gazeti mara mbili, taratibu, akaliweka kando. Kisha akaiweka mikono yake yote miwili juu ya kitambaa cha mama. Aliilaza viganja juu, akaigeuza viganja chini. Akanitazama.

Hivyo ndivyo wasichana wangu husimama ninaposema "Mikono mbele!" Wote hunitazama vivyo hivyo.

Mikono ilikuwa safi. Sijapata kuiona safi namna ile, hata siku ya harusi. Hakuna weusi wa hopsi kwenye vidole. Hata rangi ya ngozi iliyokuwa chini ya kucha haikuwapo. Ilikuwa myekundu kidogo, kama iliyosuguliwa sana.

"Mlichuma mpaka lini?" nikamwuliza.

"Mpaka Jumamosi jioni."

Jumamosi jioni. Leo ni Jumatatu. Weusi ule hautoki kwa siku mbili. Nikasema jambo la kwanza lililonijia mdomoni:

"Gazeti lirudishe mahali pake."

Alisubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na bado anatega sikio. Kisha akalirudisha, akalinyoosha, akala chakula chake juu ya habari za wale wanawake.

Jumanne, 2 Oktoba

Wasichana wa kwanza wamerudi kutoka Kenti. "Mikono mbele!" Myeusi. Wote. Mmoja alinionyesha kwa majivuno alivyochubuka. Nilimwuliza aliacha kuchuma lini. Akasema, "Alhamisi, Mwalimu. Mama ametusugua kwa sabuni na mchanga na soda."

Kwa sabuni na mchanga na soda.

Jumatano, 3 Oktoba

Nguo zake nimezifua mimi, sijui kwa nini. Nilitaka kuona. Kwenye mkono wa shati la kahawia kuna doa, kavu, jekundu lililoelekea weusi. Laweza kuwa damu. Laweza kuwa divai ya mashambani, au kutu. Limekataa kutoka.

Visu vimerudi kwenye droo.

Alhamisi, 4 Oktoba

Sikuenda shule. Nimeandika kwamba naumwa kichwa. Siyo uongo.

Nataka kumpima mtu huyu kwa haki. Kesho nitaamua kama niende polisi au nisiende, na nikienda na kumbe si yeye, nitakuwa nimemchongea mume wa mdogo wangu. Nisipoenda na kumbe ni yeye, mwanamke atakayefuata nitakuwa nimemuua mimi. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta tangu asubuhi.

Ya kumtetea. Susannah alipokuwa hawezi tena kushuka ngazi, Enoch alimbeba kila siku yenye jua mpaka mlangoni, akakaa naye kwenye kizingiti kama wanaosubiri gari. Alipofariki, Enoch alikaa kutwa nzima akikata ngozi laini ya mwanambuzi, akamshonea viatu. Viatu vya mtu asiyekwenda kokote. Alizikwa navyo. Nilimwona akiipapasa mishono kwa kidole gumba kabla hawajafunika.

Lakini mtu anaweza kumlilia mke wake na kuwachukia wanawake wengine wote kwa kuwa wako hai. Nimelifikiria hilo mara nyingi leo. Nimelifikiria kwa urahisi wa kutisha.

Ya kumshtaki. Hutembea usiku. Usiku wa lile la Agosti alikuwa nje, na alipoambiwa alisema, "Amepumzika." Visu aliondoka navyo bila sababu. Shati lina doa. Na alisema mwenyewe, pasipo kushurutishwa, kwamba alichuma mpaka Jumamosi, ilhali mikono yake haijagusa hopsi mwezi huu. Kama hakuwa akichuma, alikuwa wapi? Kwa nini alisema uongo? Na kwa nini alinionyesha ile mikono? Nadhani ni kiburi. Nadhani alitaka kuona kama nitathubutu.

Ningeweza kumwuliza. Yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa. Lakini mwenye kosa atajibu uongo, na asiye na kosa hatanisamehe, kwa hiyo swali halina faida.

Mengine yote yanaweza kuelezeka. Mikono haielezeki.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimekwenda. Inspekta ni mtu mchovu, mwenye mafua. Aliandika taratibu. Nilipofika kwenye habari za mikono aliinua kalamu.

"Safi, unasema. Mwalimu, watu wengi huletwa kwangu kwa sababu ya mikono michafu."

"Hujapata kufundisha watoto wa wachuma hopsi, Bwana Inspekta."

"Sijapata," akasema. "Mungu ni mwema."

Sprackling alikuwa nje ya kituo na filimbi yake. Alivua kofia.

Jumamosi, 6 Oktoba

Wamemchukua mchana, watu wote wakiwa mtaani. Alikuwa kazini, walimtoa karakanani na aproni yake mwilini, visu mkononi mwa askari. Kina mama walitoka na sufuria na mifagio. Mmoja alipiga kelele, "Mwacheni kwetu dakika tano tu, afande! Tutamrudisha akiwa amekunjwa!" Watu walicheka. Sijapata kusikia kicheko kama kile.

Alipita chini ya dirisha langu. Hakutazama juu.

Jumapili, 7 Oktoba

Kanisani watu walinipisha kwenye benchi. Mwanamke nisiyemjua alinishika mkono na kulia.

Jumanne, 9 Oktoba

Hakuna aliyeuawa. Nalala.

Jumatano, 10 Oktoba

Wamemwachia.

Inspekta alikuja shuleni mwenyewe kunieleza, tukasimama kwenye veranda, mvua ikipiga bati. Mkulima wa Kenti amethibitisha. Pargeter alikuwa kwenye hopsi kila siku, akalala bandani na wenzake kila usiku, akaondoka Jumatatu asubuhi kwa treni. Doa la shati ni juisi ya matunda ya vichakani. Shamba zima lina madoa hayo.

"Mkulima anaweza kukosea," nikasema. "Ana vibarua mamia."

"Anaweza. Ila huyu anamkumbuka. Pargeter alimshonea mke wa mkulima viatu."

"Na mikono?"

Alipenga kamasi kabla ya kujibu. "Nilimwuliza. Aliutazama mlango muda mrefu. Nikadhani sasa tumempata. Kisha akasema, 'Nilinawa.' Basi."

"Alinawa!" Nilicheka mbele ya askari, mimi. "Bwana Inspekta, kwa miaka tisa nimeona sabuni ikishindwa, na soda, na mchanga. Alinawa kwa nini, kwa maji ya Yordani?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi nina watu mia moja wa kuwauliza walinawa kwa nini." Akavaa kofia yake. "Hakuwa yeye."

Jioni hiyohiyo watu wa mtaa walimkuta Enoch kwenye kona ya duka la mikate. Filimbi ililia kwanza. Nilidhani ni polisi. Nilipofika dirishani alikuwa tayari chini, na sikuona uso wake, niliona viatu vyao tu. Mtu mmoja alipaza sauti, "Mkono! Mkono wa kisu!" na wengine wakamshikilia mkono juu ya jiwe la njia. Mtu mwenye buti zenye chuma akapanda juu yake. Mara ya kwanza Enoch alipiga kelele. Kisha hakupiga tena.

Sikushuka. Nimeandika hapa kwamba sikushuka.

Alhamisi, 11 Oktoba

Alikuja kuchukua vitu vyake. Mkono wa kulia umefungwa mbao na bendeji, umevimba kama mkate uliozidi chachu. Hatakata ngozi tena. Hata mimi naliona hilo.

Nilisimama mlangoni mwa jiko. Alikusanya shuka, shati, picha ya Susannah. Visu, ambavyo askari alikuwa amevirudisha asubuhi, aliviacha kwenye droo.

"Polisi wanasema hukuwa wewe," nikamwambia.

"Nimewasikia."

"Basi nieleze. Ulikuwa wapi?"

Aliinama juu ya furushi lake. "Kenti, shemeji."

"Mikono yako—"

"Gazeti lako nimelikunja," akasema. "Liko juu ya kabati."

Alijaribu kulifunga furushi kwa mkono mmoja, likamfungukia. Nilipiga hatua moja. Akatikisa kichwa, akalivuta fundo kwa meno, akashuka. Nilimsikia akikohoa katika kila ngazi.

Jumatatu, 22 Oktoba

Ukungu. Hakuna mauaji wiki tatu. Sprackling anasema hiyo ndiyo hukumu: "Tulimvunja mkono, na mkono umetulia. Unataka ushahidi gani tena, Mwalimu?"

Nami nimewaza hivyohivyo, kwa maneno mazuri zaidi. Mkulima anaweza kudanganywa. Mtu anaweza kutoka bandani wengine wakiwa wamelewa na kulala. Kila ninapotaka kumwachia Enoch, naiona ile mikono juu ya kitambaa, safi.

Jumatano, 31 Oktoba

Mtihani wa tahajia. Vibaya.

Ijumaa, 9 Novemba

Mwingine. Chumbani mwake mwenyewe, na ni vibaya kuliko wote waliotangulia. Wauza magazeti wanapiga kelele chini ya dirisha na siwezi kuwazuia wasiseme.

Aliyefanya hayo ana mikono miwili mizima.

Sprackling leo aliniuzia mkate bila kuniangalia. Nilitaka kumchukia, nikaona sina pa kusimama.

Lakini bado sijaelewa habari ya mikono.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimeelewa.

Mama Quill ameleta binti yake shuleni asubuhi hii. Hawakurudi na wengine. Walibaki Kenti kuchuma matofaa na kung'oa viazi. Aliingia darasani bila kubisha hodi, amevaa kofia ya kiume, akinuka moshi wa kuni.

"Huyu hapa Tibby, Mwalimu, kabla hujanitumia karani wa mahudhurio! Amesahau kusoma, ila anajua kukamua ng'ombe. Tazama viatu vyake. Tazama! Umeona mshono huo? Hata malkia hana."

Nilitazama. Vilikuwa viatu vya zamani vilivyotiwa ngozi mpya, kwa mishono midogo iliyonyooka. Niliijua mishono hiyo. Mara ya mwisho niliiona kwenye jeneza.

"Ni Enoch Pargeter," nikasema.

"Nani mwingine? Alikuja na visu vyake. Mchana anachuma, jioni anatutengenezea viatu bandani, kambi nzima tunapanga foleni." Sauti yake ilishuka. "Amerudi kule shambani, wajua. Mwezi uliopita. Mkono umevunjwavunjwa. Mkulima amempa kazi ya kulinda nguzo za hopsi, kwa kuwa kulinda hakuhitaji vidole. Hasemi waliomfanyia. Lakini habari zina miguu, Mwalimu. Wanasema kuna mtu alikwenda polisi kusema mikono yake ni safi mno." Akaanza kucheka kwa uchungu. "Safi mno! Umewahi kusikia? Mtu anyongwe kwa kunawa?"

"Weusi wa hopsi haunawiki," nikasema. Nilijisikia nikilisema kama ninavyosema darasani.

"Hautoki kwa sabuni. Unatoka kwa majani ya maharage. Yale maharage yanayotambaa kwenye miti. Unayaponda mbichi, unayasugua na utomvu wake, weusi unatoka wote. Kila mchuma hopsi anajua."

"Wasichana wangu hurudi na mikono myeusi kila mwaka."

"Watoto? Wanawe kwa nini? Ule weusi ndio fahari yao, unaonyesha nani amefanya kazi na nani amelala. Tena maharage ni ya bustani ya mke wa mkulima. Mtu hayang'oi majani yake ovyo. Enoch alimshonea yule mama viatu kwanza ndipo akaruhusiwa. Jumapili nzima, ile ya mwisho, wenzake wakinywa na kucheza, yeye amekaa kwenye ndoo na rundo la majani, anasugua. Na ile rangi yake ya ngozi pia, mpaka chini ya kucha, mpaka damu inamtoka. Nikamwambia, 'Mjane, unakwenda kuoa?' Akasema, 'Hapana, Mama Quill. Nyumbani kuna mtu hapendi mikono yangu mezani. Safari hii nataka nile kwenye kitambaa.'"

Wasichana walikuwa wakinitazama, safu kwa safu.

Mama Quill alikuwa bado anatabasamu kwa kumbukumbu hiyo. Kisha akanitazama usoni, na tabasamu lake likaondoka polepole. Ana watoto na anauza samaki. Anajua kusoma nyuso.

"Ni wewe," akasema. "Ewe Mungu wangu. Ni wewe."

Nikamwuliza jina la shamba. Nilisema nitamwandikia. Nilisema nitakwenda mwenyewe, kwa treni, Jumamosi. Sijui niliyasema yote hayo kwa mpangilio gani.

"La, Mwalimu," akasema, na sauti ile ya tarumbeta ilikuwa ndogo kabisa. "Wewe ulishampata mara moja."

Akambusu Tibby utosini, akatoka.

Jumanne, 13 Novemba

Wasichana walisimama kama kawaida, mikono mbele. Niliwaambia waishushe. Hawakuelewa, wakaendelea kuishika mbele, wakisubiri.

Jumapili, 18 Novemba

Ukungu mzito. Sikwenda kanisani.

Leo nimeliondoa gazeti upande wake wa meza. Tangu aondoke nimekuwa nikilitandika kila siku na kulibadilisha kila lilipochakaa, mkono wangu ukifanya hivyo bila kuniuliza. Kitambaa chini yake ni cheupe kabisa, kama siku mama alipokitoa sandukuni. Upande wangu una madoa ya chai, na ya wino.